Bomba la Kukalia

Kwenye kona ile, mkabala na mashine ya kusaga, kijiwe hakina benchi. Kina bomba. Ni bomba la chuma, nene, refu la kukaliwa na watu wanne bila kugusana mabega, na lililetwa na watu wa maji walipokuwa wakichimba mtaro. Siku walipolifuata, wenyeji wa kijiwe waliwabembeleza waliache, maana walikwisha kulizoea. Msimamizi akanywa vikombe viwili vya kahawa ya Shangazi, akacheka, akasema haya, kalieni, kesho tutaleta jingine. Tangu hapo limesuguliwa na suruali mpaka linang'aa, na kijiwe kizima kinajivunia kuwa na kiti ambacho hakuna mwizi wa kukibeba.

Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale, huweka jiko lake mwisho wa bomba. Asubuhi hiyo alikuwa na birika moja motoni na dumu moja la maji nyuma ya miguu yake, na roho yake yote ilikuwa kwenye dumu. Mke wa mwanawe alikuwa anatoka hospitali na mjukuu wa kwanza. Koki ya upande wao ilijengwa ikasahauliwa, haijatoa hata tone. Maji huyafuata kwenye koki ya mashineni, na jana yake alipanga foleni mpaka miguu ikafa ganzi, akarudi na hilo dumu moja tu. Ama apike birika la pili, ama amwogeshe mtoto. Hakumwambia mtu.

Mazungumzo ya foleni yalianzishwa na Takwimu, mwalimu mstaafu ambaye hawezi kusema habari za jua bila kukutajia asilimia.

— Nchi hii ni kavu tangu enzi na enzi, alisema. Waliozidi ni sisi. Nilipohamia hapa, nyumba ilikuwa ya mtu na mkewe. Leo kila chumba kina ukoo, na koki ni ile ile.

Kinyozi, ambaye siku zisizo na maji huwanyoa watu kwa wembe mkavu mpaka wanatokwa machozi, alikubali, lakini akaona mwalimu hajafika mbali.

— Maji hayajapotea, Mwalimu. Yamo ndani ya watu. Si mwili wa binadamu ni maji matupu? Basi kila anayezaliwa anajibebea dumu lake, anatembea nalo.

— Basi wewe ni tangi, alisema Dobi, akilitazama tumbo la Kinyozi.

Wakacheka, hata Kinyozi mwenyewe. Dobi, ambaye kamba zake za kuanikia zilikuwa tupu wiki nzima, alikuwa ameliwaza jambo hilo kwa muda mrefu na alikuwa na mpango. Watu waishi kwa zamu. Nusu ya mtaa ikiamka, nusu ilale mpaka msimu wa mvua, kwa sababu aliyelala haogi, hapiki, hanywi.

— Wala hachafui nguo, alisema Kinyozi. Utakula wapi?

Dobi alifikiri kidogo, akasema yeye atakuwa kwenye zamu zote mbili. Takwimu hakucheka. Alisubiri wanyamaze, akaweka kikombe chini taratibu, kama alivyokuwa akiweka chaki.

— Dawa ni moja. Mtaa ufunge uzazi. Anayetaka kuleta mtoto, atuoneshe kwanza maji ya kumwogesha.

Shangazi alikuwa akimimina, na kahawa ikammwagikia vidole. Kilichomuuma si kahawa. Mzee huyu ndiye aliyemfundisha mwanawe kusoma, na ni mtu wa watu, hana baya. Ndiyo maana maneno yake yalimwingia. Alitaka kumwambia kwamba maji haya hapa, yangekuwa ya mtoto kama ninyi msingekuwa na kiu ya maneno. Akalisukuma dumu ndani zaidi kwa kisigino, akafuta vidole kwenye kanga.

Hawakumaliza hata kikombe kabla mke wa mwana wa Shangazi hajatokea upande wa mashine, mtoto kifuani, mumewe akimfuata kwa mbali na mizigo. Aliolewa kutoka mji mwingine, na pale kijiweni walimjua kwa jina la mumewe tu. Akawaamkia wote. Wakaitikia marahaba kwa pamoja, wakasogea apate pa kukaa, na ghafla kila mmoja akawa babu. Takwimu ndiye aliyefunua shuka kwa ncha ya kidole, akasema karibu, mgeni wetu. Habari ya kufunga uzazi hakuna aliyeikumbuka.

Mzazi aliketi, akahisi ubaridi wa chuma, akainama kutazama alichokalia. Kisha akatazama alikotoka.

— Baba, alimwambia Takwimu kwa adabu, pale mashineni nimeona bomba limekomea njiani, limezibwa mdomo. Na mtaro wake umekuja mpaka hapa, mtupu. Hili tulilokalia si ndilo lililopungua?

Takwimu aliufuata mtaro kwa macho mpaka mashineni. Kinyozi akamtazama Dobi, na Dobi akatazama ndani ya kikombe chake. Shangazi aliwakumbuka watu wa maji, na vikombe viwili vya msimamizi, na jinsi yeye mwenyewe alivyokataa malipo siku ile kwa furaha ya kupata mahali pa kuweka jiko. Mashine ilikuwa inasaga ng'ambo ya njia.

Mtoto akaanza kulia.

— Birika la pili leo halipo, alisema Shangazi. Hili dumu lina mwenyewe.

Dobi aliinuka, akalibeba dumu begani bila kuambiwa, akatangulia njia ya nyumbani kwa Shangazi. Mzazi naye akainuka. Takwimu alibaki ameketi kidogo, mkono wake ukipapasa chuma pale palipong'aa, kisha akasimama, na Kinyozi akasimama baada yake. Kahawa iliyobaki waliinywa wakiwa wima.