Mkaza Mwanangu Alivyonifundisha Kinanda

Sikilizeni, wanangu, na mnisogelee, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni. Cherehani ni yako, kitinda mimba, ukumbuke kuitia mafuta. Mkasi mkubwa na meza ya kukatia ni vya kaka yako, ingawa hajui kukata hata pazia likanyooka. Hayo ni mepesi. Lililonifanya niombe mito miwili nikae kitako ni chumba cha nyuma, ambacho juzi niliwasikia jikoni mkikitafutia mpangaji, kana kwamba mjane wa ndugu yenu ni mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Ugonjwa umenila miguu, haujanila masikio.

Nianze na kosa langu. Ndugu yenu alipofariki safarini, nilimtupia mkewe lawama kwamba hakumzuia asiondoke, na mwaka mzima sikula naye meza moja, salamu yake nikiijibu kwa kuguna. Naye hakurudi kwao. Aliendelea kunifulia, na alasiri, kazi zikiisha, alikaa chumbani kwake na kile kinanda chake chembamba cha nyuzi nne, kinacholazwa mapajani, akikipiga taratibu, nami upande wa pili wa ukuta nikijifanya nimelala. Wakati huo mikono yangu ilikuwa imeanza kutetemeka. Mimi niliyewashonea suti mabwana harusi wa mtaa mzima, nikawa nashindwa na kifungo. Siku moja nililia pale mezani, akaniona. Alileta kinanda, akakilaza mapajani mwangu, akanipa kijiti cha kubonyezea uzi mkono wa kushoto na unyoya wa kukwanyulia nyuzi mkono wa kulia.

"Baba, fuata uzi huu mmoja tu kwa kijiti. Hizo nyingine ziache ziimbe zenyewe."

Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilikuwa mkavu wa miaka sabini na moja, na bado akanikunja. Wiki ya kwanza nilikibana kijiti kama mkasi, kinanda kikakoroma. Wiki ya pili, nikiwa peke yangu, nikaona nyuzi zinakwaruza, basi nikafanya afanyavyo fundi cherehani yeyote kwa uzi unaokwaruza: nikazipaka nta, zote nne, nikazisugua vizuri kwa kidole gumba. Kinanda kikawa bubu. Alipokuja akagusa, akanusa kidole, akakaa alasiri nzima akifuta nta kwa kitambaa, nami nimejikunyata kama mwanafunzi aliyevunja kioo, halafu akacheka. Alicheka hadi akashika ukuta, nami nikacheka, na hicho ndicho kicheko cha kwanza kusikika humu tangu tumzike mwanangu. Hapo ndipo nilipomwomba radhi, naye akanipa bila kunifanya nirudie. Naishukuru nta ile kuliko suti zote nilizopata kushona.

Mpaka leo najua wimbo mmoja na nusu, na hiyo nusu naipiga vibaya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama uzeeni, nikapata mtoto.

Basi shikeni haya. Chumba cha nyuma ni chake; karatasi imeandikwa, mwalimu jirani yetu ameshuhudia. Akitaka kukaa, akae. Akitaka kuolewa tena, msimnunie wala msimwombe ufunguo. Atoke kwa mlango wa mbele, nanyi mumsindikize kama dada yenu, na siku akirudi akute kitanda chake pale pale. Sitaki kutisha mtu kwa laana, leo nina shukrani tu. Hata ninyi nawashukuru. Mmeniogesha, mmenigeuza, hamkunichoka... au mlinichoka mkaficha, na hiyo nayo ni heshima.

Nipe maji. Basi, yatosha.

Mungu awape nyumba zenye amani. Awape watu wa kuwavumilia, kama... kama nilivyovumiliwa mimi. Awaepushe na kiburi changu.

Pumzi inakata. Kifungua mimba, mkaza mwanangu yuko uani, anaanua nguo. Kamwite. Usimtume mdogo wako, nenda mwenyewe. Mwambie baba mkwe wake... hapana, usiseme baba mkwe. Mwambie baba yake anamwita. Nenda tu. Nitasubiri.