Kimya cha Fundi Kelele

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko? Kama una sufuria jikoni, punguza moto kwanza. Usije ukaunguza chakula ukamlaumu bibi yako wa redioni.

Leo tunamkumbuka fundi seremala. Mtaa mzima tulimwita Kelele. Ametutoka wiki hii, na jana tumemzika.

Karakana yake ilipakana na kanisa. Ukuta ulikuwa mmoja tu. Huku mbao, kule sala. Na mikono alikuwa nayo! Kitanda alichonitengenezea nikiwa bibi harusi bado nakilalia, na hakijawahi kulia hata mara moja.

Kisha mkewe akafariki, akijifungua binti yao. Jeneza alilitengeneza mwenyewe. Hakutaka fundi mwingine aliguse. Tangu siku ile nyundo haikupumzika. Hata Jumapili. Hasa Jumapili! Mchungaji akifungua kinywa, na Kelele naye huko: ko! ko! ko! Wazee wa kanisa wakamwendea. Akawajibu, "Amenichukulia mke wangu. Basi na Yeye asipate usingizi."

Binti yake, ambaye sasa naye ana watoto, aliniambia jana: "Bibi, watu walidhani baba ana kiburi. Mimi nilijua anaogopa. Nyumba ikinyamaza tu, anainuka, anatafuta cha kugonga."

Alikuwa anaogopa kimya. Lishikeni hilo.

Sasa kanisa letu lina utaratibu wake. Katikati ya ibada wote tunanyamaza, kila mtu na Mungu wake. Kimya hicho mchungaji hakifungi. Anakifunga mama mzee kuliko wote, kwa neno moja: "Amina." Na wakati ule, mama mzee kuliko wote alikuwa mama mkwe wake Kelele.

Jumapili moja benchi la waimbaji likavunjika. Waimbaji wetu walikuwa na afya zao. Puu! Wote chini. Mama mkwe akatuma mtu: "Mwambieni mkwe wangu aje. Kama lazima agonge, agonge chenye faida."

Mama mkwe unamkataliaje? Akaja. Akapiga magoti pale mbele kwenye benchi, akaweka msumari, akainua nyundo. Papo hapo mchungaji akasema, "Tunyamaze."

Nyundo ikabaki hewani. Mbele ya mama mkwe asingethubutu. Akangoja Amina.

Amina haikuja. Mama mkwe alikuwa amesinzia! Kidevu kifuani, kitambaa kimemwangukia puani. Nani amwamshe? Mchungaji akamtazama mzee wa kanisa. Mzee wa kanisa akatazama dari. Kelele ndiye aliyekuwa karibu naye, lakini nani anamtikisa mama mkwe wake mbele za watu?

Kimya kikarefuka. Mimi nilikuwa safu ya pili, nikaona yote. Mkono wa nyundo ukashuka taratibu. Akailaza nyundo sakafuni kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Akainamia lile benchi lililovunjika, mabega yakatikisika. Kilio kikatoka, cha chini kabisa, cha miaka yote ile. Kisha kikaisha chenyewe. Akainua uso.

Wasikilizaji wapendwa, nimetafuta neno la uso ule tangu siku hiyo. Sijalipata.

Aliyekuja kusema "Amina" alikuwa yeye, Kelele. Mama mkwe akashtuka: "Nani ameniibia neno langu?" Kanisa likacheka huku linalia. Na bibi yule, mpaka anaingia kaburini, alishikilia: "Sikulala. Nilifumba macho tu."

Baadaye nilimuuliza fundi ilikuwaje. Akasema, "Sikusikia sauti, dada yangu. Nilijua tu kwamba siko peke yangu. Miaka yote nilikuwa nagonga ukuta nipate kumsumbua, kumbe alikuwa upande wangu wa ukuta." Akabatizwa. Huzuni yake haikuondoka, ila ilipata pa kukaa. Kila asubuhi, kabla ya kushika mbao, alikuwa anaingia kanisani, anakaa juu ya benchi lile, amenyamaza, anatabasamu. Kelele! Jina likabaki, mwenyewe akawa mtulivu kuliko sisi wote.

Binti anasema baba yake alipougua aliomba redio izimwe. "Hata kipindi chako, bibi." Nimemsamehe.

Jana kanisani tulinyamaza kwa ajili yake. Mama mzee kuliko wote sasa ni mimi. Kimya kilikuwa changu kukifunga. Nikafungua mdomo, neno likagoma. Binti akanishika mkono, akaninong'oneza: "Usiharakishe, bibi. Baba anapapenda hapa."

Kwako binti, kwa watoto wako na ndugu wote, poleni sana. Mungu aliyemtuliza yeye awatulize na ninyi. Nawe unayenisikiliza, jiulize: unagonga nini, na unaogopa kusikia nini ukiacha?

Fundi mitambo, mwanangu, usiweke muziki. Najua redio haipendi kimya. Leo tuvumiliane. Tunyamaze pamoja, na Amina ya leo siisemi mimi. Iseme wewe huko uliko, ukiwa tayari.