Historia ya Marehemu Dinah Harker, Aliyetafuta Mdomo wa Pili

Wapendwa mliokuja kutushika mkono, mama yetu Dinah Harker alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika shamba la kondoo hapa bondeni Swaledale, kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa tatu wa mzee Amos Raw, akasoma shule ya kijiji kuanzia 1946 hadi 1956, na mwaka uliofuata akaajiriwa posta, akasambaza barua kwa miguu miaka arobaini na minne, na huko malangoni ndiko alikookota maneno ya wazee, mengine yaliyoachwa na Wanorwe waliohamia hapa miaka elfu iliyopita, kama laik, yaani kucheza, akiyaandika kwenye kadi ili ayatie kitabuni kabla hayajazikwa pamoja na wenyewe.

Sheria yake haikumlegezea mtu: neno haliingii kitabuni mpaka lisikiwe kwa midomo miwili, ya nyumba mbili, ya wazaliwa wa bonde, watu wa kuja hawahesabiwi, na baba yetu alipomtania, "Mke wangu, hata Mungu akija utamuuliza kazaliwa wapi," alijibu, "Nitamuuliza, tena na mamake!"

Alifunga ndoa na Reuben Harker tarehe 14 Septemba 1963, wakajaliwa Judith, anayewasomea haya, na Edwin, aliyezaliwa 1969. Asubuhi ya 8 Februari 1974 Edwin alirukia barafu nyembamba langoni, akapiga kelele, "Mama, sikia tisker inavyolia!", neno ambalo nyumbani hakuna aliyelijua, na siku ya tatu homa ya uti wa mgongo ikamchukua.

Jamani, mama hakupona. Aliiandika kadi ile, akabisha hodi nyumba zote za wazaliwa, mwaka baada ya mwaka, kwa maana neno la mdomo mmoja hufa na mdomo huo, naye hakutaka mwanawe afe mara mbili.

Alianza kuugua moyo Agosti 2023, akatutoka nyumbani tarehe 6 Januari 2024, na jioni ile alimuuliza Judith kama kuna aliyelisikia, Judith akasema hapana, na hilo linamkata maini mpaka sasa.

Jana mzee Septimus Coates, mchimba kaburi, jirani yetu wa mlango wa tatu, alimshika Judith mkono kwenye lango la makaburi, akamwambia, "Taratibu binti yangu, pana tisker hapo." Judith akatazama chini, akaona barafu nyembamba miguuni pake. Kumbe ni neno la mama yake Septimus, la bonde la pili, na mwaka 1973, mzee alipokuwa kibarua wa baba yetu, alikuwa akimbeba Edwin mabegani kila asubuhi.

"Mbona hukusema, mzee wangu?"

"Hakuniuliza, binti yangu. Mimi ni mtu wa kuja."

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliotuletea chakula, wenzake wa posta waliobeba jeneza, na mzee Septimus, aliyeandika jina lake kwenye kadi ya tisker, chini ya jina la Edwin. Kadi hiyo ameishika mama jenezani. Mdomo wa pili umepatikana, mama yetu, mlango wa tatu tu, basi usibishe hodi tena, pumzika kwa amani.