Dobi Alipokuwa Akitua Furushi

Kijiwe chenyewe ni meza. Zamani ilikuwa meza ya kupigia pasi, pana, ya mbao nzito, na mwenye meza alikuwa Dobi. Alipofariki, marafiki zake walimwomba mjane awaachie, wakaikata miguu iwe ya kukalia na kuiegemeza kwenye ukuta wa kibanda cha fundi viatu, pale mtaa unapopanda kilima na watu kuanza kuhema. Upande mmoja ina alama nyeusi iliyoungua kwa umbo la pasi, na hapo hakuna anayekaa. Kila alasiri, kivuli kikishafika ukutani, wanakutana watu walewale: Soli, fundi viatu mwenye kibanda, Wembe, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye akisikia hoja imenoga humwacha mteja na nusu kichwa, na Chaki, mwalimu aliyestaafu kufundisha ila hajastaafu kusahihisha watu. Kahawa analeta Shangazi. Birika lake likiisha, baraza limevunjika.

Siku hiyo ubishi ulianza kwa sababu ya simu. Asubuhi binti mkubwa wa Dobi alimpigia Soli, akamwamkia vizuri kama alivyolelewa, akasema yeye na mdogo wake watapita jioni, wana jambo la kuuliza kuhusu baba yao. Wote mtaani walijua kwamba binti huyo anafanya kazi katika maabara ya hospitali kubwa, ila kazi yenyewe hakuna aliyeielewa. Mama yake alikuwa akisema tu kwamba anatafuta magonjwa ndani ya kompyuta, na watu wakawa wanaitikia kwa adabu.

— Anatafuta nini tena? alisema Wembe, taulo la kazi bado likiwa begani. Dobi tunajua alikufa na nini. Mvuke. Mtu anavuta mvuke wa pasi kutoka ujana mpaka uzee, kifua kinageuka sufuria. Wahenga walisema moto huzaa majivu. Sasa mvuke utazaa nini?

— Methali hiyo ni ya mzazi hodari aliyezaa mtoto goigoi, alisema Chaki. Haihusiani na mvuke.

— Majivu ni majivu, mwalimu.

Chaki alikuwa na nadharia yake. Dobi, alisema, aliuawa na kusimama. Damu ya mtu asiyekaa chini huteremkia miguuni na kukaa hukohuko, moyo ukabaki unasukuma hewa tupu. Shangazi akaipinga huku akimimina: yeye alimwona kwa macho yake Dobi akitoka kwenye pasi ya moto na kunawa maji ya baridi, na mwili ni kama chungu, ukiushtua hivyo unapasuka. Wembe hakukubali kuachwa nyuma. Akasema kama si mvuke basi ni jasho, maana yule mtu alizamisha mikono katika jasho la mtaa mzima, kola za wagonjwa na soksi za wenye mashaka, na maradhi yote yakamwingilia kwenye vidole. Chaki akakuna kidevu, akasema akifikiri sana anaona kwamba redio ndiyo mkosaji. Redio ya Dobi ilikaa juu ya meza hii hii, pasi ni chuma, chuma kinanasa mawimbi, na kutoka mkononi hadi moyoni si mbali.

— Mimi nawaambia alikufa kwa doa, alisema Wembe mwishowe, kwa sauti ya chini. Lile shati jeupe la bwana harusi. Doa lilikataa kutoka.

Hapo kila mmoja alimkumbuka Dobi akishindwa kula kwa ajili ya doa. Hakuugua, hakulazwa. Alikuwa anakunja shati, akainama kama mtu aliyedondosha kifungo, akawa ndiyo hivyo.

Soli hakuchangia. Alikuwa ameshika kiatu cha mteja na sindano imesimama. Kwake Dobi hakuwa kifo. Dobi alikuwa ile sauti ya kandambili ikipanda kilima, furushi la nguo likitangulia kichwani, kisha mtu mwenyewe. Enzi hizo mtaa mzima ulinukia kanji ya kukazia nguo, na mashati yalipangwa kwenye kamba kama watu wanaosubiri kuingia mahali. Kila siku, akitoka kuchukua nguo za wateja wa chini ya kilima, Dobi alitua furushi mlangoni pa kibanda, akaketi juu yake, akasema: "Fundi, nimepita kukusalimia." Halafu inaanza hadithi. Soli alikuwa na ndugu wa damu watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpitia kila siku kumsalimia.

Walikuja jua likiwa limelegea. Binti alikuwa na macho ya mama yake na mwendo wa kwake mwenyewe. Mdogo wake, kijana mrefu aliyekuwa winga wa timu ya mtaa na sasa anachezea timu kubwa zaidi, alisimama nyuma yake mikono mfukoni, kama mtu aliyeletwa kwa daktari wa meno. Wakaamkia, wakaitikiwa, wakasogezewa nafasi, wakapewa kahawa. Binti hakuzungusha maneno.

Alieleza kwamba mwili wa mtu unakuja na maelekezo yake, yameandikwa kwa herufi nne tu zinazojirudia kwa mfuatano mrefu ambao mtu hawezi kuusoma akaumaliza. Kipande kimoja cha maelekezo hayo ndicho jeni, na jeni hueleza namna ya kutengeneza protini. Kazi yake yeye ni kuipa kompyuta maandishi ya mgonjwa, ikayalinganisha na ya watu wengi duniani na kuonyesha palipobadilika. Kazini kwao waliomba watu wa kujitolea kupimwa. Akajipima, akampima mama, akampima na mdogo wake. Yeye na mama hawana kitu. Mdogo wake ana herufi moja iliyobadilika, katika jeni ya misuli ya moyo.

— Herufi moja tu? aliuliza Chaki. Mimi nimesahihisha insha zenye makosa kila mstari na waandishi wake wako hai.

Binti akacheka kidogo, kisha akasema kuna herufi ukiibadilisha haidhuru, na kuna ambayo ukiigusa tu neno linageuka. Protini, alisema, hutoka kama uzi mrefu, na haifanyi kazi mpaka ijikunje sawasawa. Kompyuta huweza kukisia itakavyojikunja. Hii ya mdogo wake ilionekana kujikunja vibaya mahali pamoja.

— Shati lililokunjwa na mtu mwenye haraka, alisema Wembe.

— Baba angesema hivyohivyo, baba mdogo.

Tatizo, akaendelea, ni kwamba kompyuta inakisia, haiapi. Herufi ile hawajaiona kwa mtu mwingine yeyote katika kumbukumbu zote wanazotumia, kwa hiyo hakuna wa kulinganisha naye. Wameiweka katika fungu la zisizojulikana. Kama ni yenyewe iliyomwua baba, basi mdogo wake anacheza mpira na kifo mfukoni. Kama siyo, anamnyima kijana riziki na raha yake bure. Moyo wenyewe hajakubali kwenda kuupima. Na kwa kuwa mama hana herufi hiyo, inaelekea ilitoka kwa baba, na baba hayupo wa kutoa damu. Lililobaki ni kumbukumbu za watu. Mama anasema nyumbani baba hakuwahi kulalamika hata kwa kichwa.

— Lakini nyumbani alikuwa anakuja kulala, alisema binti. Mchana wote alikuwa na nyinyi. Ndiyo nimekuja kuuliza. Aliwahi kuzimia? Kuishiwa pumzi? Kushika kifua?

Kijana akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hajaishiwa pumzi maishani mwake, na kwamba kompyuta haijawahi kumkimbiza. Ilionekana dada yake ameusikia sana wimbo huo.

Wembe na Chaki wakaanza kukumbuka, na kila mmoja akamkumbuka Dobi wake. Wembe alisema yule alikuwa na nguvu za punda, akibeba mafurushi mawili. Chaki akasema ni moja, ila kubwa. Wakabishana kama aliwahi kupepesuka siku ya msiba wa jirani au kama ile ilikuwa njaa. Shangazi akasema alizoea kuegemea meza akipiga pasi, lakini watu wote huegemea. Binti alisikiliza kila neno, na uso ukamshuka taratibu, kwa kuwa mapenzi yalikuwa mengi na ushahidi hakuna.

Soli alikuwa ameshaona jambo, na alitamani asiwe ameliona. Lilimjia wakati binti anasema pumzi. Akaliona furushi linatua. Akamwona Dobi ameketi juu yake, mdomo wazi kidogo, midomo imepauka, mkono mmoja juu kwamba fundi asubiri, salamu inakuja. Miaka yote hiyo alidhani anatafuta la kuanzia katika hadithi. Na mlangoni pale ndipo kilima kilipokuwa kikali. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyejua isipokuwa yeye, na angebaki na rafiki yake alivyokuwa. Akamtazama kijana. Akaweka kiatu chini.

— Alikuwa anapumzika kwangu, alisema. Kila siku. Hakufika juu hata siku moja bila kutua mzigo hapa. Alikuwa anakaa kwanza, hasemi kitu, mpaka pumzi irudi. Mimi nilidhani ananisalimia.

Binti akauliza taratibu ilianza lini. Soli akasema walipokuwa vijana, kabla binti hajazaliwa, Dobi alipanda kilima akiimba. Kuketi kulianza baadaye, akiwa na umri kama wa kijana huyu au umepita kidogo, akiwa bado na mwili wa kupigana na ng'ombe. Kuna siku aliteleza kutoka juu ya furushi akalala chini, akaamka akicheka, akasema usingizi umemwiba. Walicheka wote wawili.

Mteja wa Wembe alichungulia kutoka ng'ambo, nusu kichwa ikiwa bado, akaona sura zao, akarudi ndani.

Kijana aliketi, kwa mara ya kwanza tangu afike, akatazama viatu vyake.

— Mimi hufunga kamba, alisema.

— Kamba gani? aliuliza dada yake.

— Za viatu. Uwanjani. Nikiona dunia inazunguka, nainama nafunga kamba. Mwamuzi hawezi kukukataza kufunga kamba. Wenzangu wananitania kwamba sijui kufunga fundo.

Dada yake alifumba macho. Hakumgombeza. Alimshika nyuma ya shingo kama walivyokuwa watoto, na kijana, mtu mrefu vile, akauacha mkono ukae. Akasema haya, hospitali atakwenda, na wiki hii kwenye mechi hatacheza, ila dada ndiye amwambie kocha, maana mwenyewe hataweza.

Mambo ya hospitali yalikuja kwenda kwa heri. Moyo ulipimwa, ukakutwa una ukuta mnene kuliko inavyotakiwa, akapewa dawa na akawekewa kifaa kifuani cha kuushtua ukitaka kusimama. Mpira wa kukimbizana aliuacha, na aliuacha kwa machozi. Herufi ile nayo ilisogezwa fungu: haikuwa tena miongoni mwa zisizojulikana kabisa, na binti alimwambia Soli kwamba katika maelezo yaliyoisogeza, pamoja na vipimo vyote, yamo na maneno ya fundi viatu mmoja. Chaki alitaka kujua kama yaliandikwa kwa sarufi sahihi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Alasiri ile Soli alikuwa amekaa na jambo lake peke yake. Mzee mzima, alikuwa anaona haya kusema kinachomuuma: kwamba kwa miaka mingi alijihesabu kuwa mtu aliyependwa, kumbe alikuwa kituo, mtu aliyejenga kibanda mahali ambapo moyo wa mwenzake ulichoka. Kama kibanda kingekuwa cha muuza mkaa, Dobi angemsalimia muuza mkaa. Wembe alimsukumia kikombe, hakukigusa. Shangazi akainamisha birika, likatoa matone, akalifunika.

Binti alikuwa amekwishaaga na kusimama. Kijana bado ameketi, ameshika kikombe kitupu, anawaza jambo kwa uso wa mtu anayetafuta kosa katika hesabu.

— Baba mdogo, akasema, akimtazama Soli. Ukisema anapumzika, mimi najua. Ikikushika, ni dakika chache, kisha inaachia, unaendelea. Sasa mama anasema tulipokuwa wadogo tulikuwa tunatumwa kuja kumtafuta huku, nguo zimechelewa, wateja wako mlangoni, na yeye ameketi na wewe anacheka mpaka giza linaingia.

— Ndiyo, alisema Soli. Ilikuwa hivyo.

— Basi pumzi ikisharudi, kwa nini alikuwa haondoki?

Chaki alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kijiwe akaufunga bila kusahihisha kitu. Wembe alivuta taulo begani akajifuta uso, na si kwa sababu ya joto. Soli alitaka kumjibu kijana, alitaka sana, lakini akaokota kiatu cha mteja, akakigeuza, akakigeuza tena, akitafuta mahali alipokuwa ameishia kushona.