Vidole vya Mzee Ítalo

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu asubuhi hii ya ukungu hapa Colonia Santa Olga. Nimechoka, siwafichi. Wiki hii nimesoma matangazo ya vifo mpaka koo limekauka, na chai yangu ya yerba kwenye kibuyu imepoa. Lakini leo ni zamu ya Ítalo Bragagnolo, mkaguzi wa injini katika uwanja wetu wa mashindano ya magari. Ítalo ametutoka. Tulimzika jana.

Wengi mlimjua kwa mkono wake wa kulia. Kanuni yetu haijabadilika: gari liwe la silinda sita, na bloku ya injini iwe ile ya zamani. Ya zamani ina vizibo vitatu vya chuma ubavuni. Iliyokuja baadaye ina vitano, na ni imara zaidi, hata uikamue vipi. Mwenye vitano anawaonea wenzake. Basi, vitatu unakimbia, vitano unarudi nyumbani.

Ítalo hakuyaamini macho, maana kwetu kila bloku hupakwa rangi ya buluu, nzima na mbovu. Alikuwa anauzamisha mkono ndani ya injini mpaka kwenye kiwiko, anapapasa, anagonga kwa pete yake ya ndoa, anasikiliza. Kisha anauinua juu. Neno hasemi. Vidole vitatu, watu wanashangilia. Vidole vitano, watu wanazomea.

"Mzee, leo umekuja na vingapi?" walimtania kwenye moshi wa nyama choma.

"Nilivyozaliwa navyo. Ukitaka vipungue, kaendeshe gari halali!"

Alikuwa na mtoto wa kiume, Ademar. Fundi, dereva, na kichwa kigumu kama cha baba yake. Mwaka mmoja, zamani kidogo, Ademar alishinda kila mahali. Bintiye Ítalo, Norma, alinisimulia jana makaburini, viatu vyetu vimejaa tope.

"Kaka aliipata bloku ya vizibo vitano," alisema. "Akafunika viwili kwa chuma, akasugua, akapaka rangi. Kazi safi, mimi nisingejua. Lakini Baba alijua tangu majira ya baridi. Aliingia bandani kutafuta spana, akaigonga ile bloku kwa pete, mara moja tu. Nilikuwa mlangoni. Akamtazama kaka mgongoni, akatoka. Tukakaa mezani, tukanywa supu. Hakusema kitu."

Kwa nini hakusema? Norma anasema alitumaini kijana ataitoa mwenyewe.

Hakuitoa. Ikafika Jumapili ya mwisho ya msimu. Ademar akashinda, uwanja mzima ukawa unaimba jina lake. Boneti ikafunguliwa. Nilikuwepo, nimeshika kipaza sauti. Ítalo hakupapasa, wasikilizaji. Mkono ulikwenda moja kwa moja pale pale palipofunikwa. Akagonga, akauinua. Vidole vitano.

Hakuna aliyezomea.

"Ulijua!" Ademar akapiga kelele. "Hata hukutafuta! Ungeniambia nyumbani, Baba, ningeitoa!"

"Nilikuwa nakungojea, mwanangu."

"Ulikuwa unaningojea, au ulikuwa unanivizia?"

Ítalo akaifunga boneti. Ademar akahamia mji wa Rafaela, na miaka ikapita bila salamu, hata sikukuu. Mzee aliendelea kukagua. Nilimwona akizidi kuinama. Siku moja alikaa kando yangu, akafuta grisi taratibu.

"Mkono huu umenichosha," aliniambia. "Siku ile wenyewe ulisema kweli. Mimi ndiye niliyekosa, kule mezani."

Nilimwambia ampigie simu. Akasema ataanzaje. Mtu mzima, anajua kila bloku iliyopita mkoa huu, hajui namna ya kusema "hujambo, mwanangu".

Mwezi uliopita kiharusi kikamnyang'anya sauti. Norma akampigia kaka yake, na Ademar akaja na nguo za kazi, hakubadilisha. Akasimama miguuni pa kitanda. Baba na mwana wakatazamana.

"Ndipo Baba akainua mkono wa kulia," Norma alisema. "Akaukunjua wote, vidole vitano. Akaugeuza, akajigonga nao kifuani."

Alikuwa anajihukumu mwenyewe, wasikilizaji. Mkaguzi alijikagua, akajitoa mashindanoni.

Ademar akasogea, akapiga magoti. Akaushika mkono ule. Akakunja kidole kimoja, akakunja na kingine. Vikabaki vitatu. Akavishikilia hivyo hivyo mpaka mzee akalala.

Kwa mjane wake, mama Élida, kwa Norma, kwa Ademar: poleni sana. Mungu awape nguvu.

Nanyi mlio mezani sasa hivi, na jambo mnalijua, na mwenye jambo amekaa hapo anakunywa supu: msingoje Jumapili. Punguzeni sauti ya redio. Mwambieni.