Boksa ya Nane

Benchi letu la kahawa hapa Somanda lina miguu mitatu na tofali, na anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kucheka kwa nguvu. Juzi mchana Maige alitufikia amekumbatia bahasha ya kaki, uso kama wa mtu aliyeitwa baraza la ardhi. Tunamwita Mzani, maana kila msimu yeye ndiye anayepima pamba ya watu. Walikuwepo Dastan wa bodaboda, ambaye ni Daktari kwa sababu tu anapaki karibu na hospitali, na Marcelo, ambaye ni Kamati, kwa kuwa hakuna kamati mjini hapa ambayo hajawahi kuwa mjumbe. Mimi nilikuwa namimina kahawa na kuchochea.

— Mzani, umeshitakiwa? nikauliza.

— Afadhali ningeshitakiwa! Fundi kaleta kabati jipya. Mke wangu Kwandu kanipa droo moja ya nguo za ndani. Nimekunja, nimepanga, zimeingia saba. Ya nane ikiingia, droo haifungi. Kasema akirudi kutoka sokoni jioni akute moja imetoka. Asipokuta, atachagua yeye.

— Atachagua ipi?

Mzani akaikumbatia bahasha.

— Hii.

Akatazama barabarani kushoto na kulia, akaifungua kidogo. Ndani mlikuwa na boksa ya kijani, au tuseme iliwahi kuwa ya kijani.

— Mzee, hilo si tambara la kufutia pikipiki? Daktari akauliza.

— Shika adabu yako! Nimepimia pamba misimu sita na hii. Haibani, haipandi, haina maneno. Unashinda nayo juani hujui hata kama umevaa.

— Basi panga kama pamba, Kamati akasema. Safi mbele, fifi, ile ya daraja la chini, nyuma.

— Ndiyo balaa lenyewe! Zote safi zinabana. Fifi ndiyo tamu!

— Kitaalamu, Daktari akakohoa, lastiki ikibana, damu haifiki kichwani. Ndiyo maana wanaume tunasahau tulichotumwa dukani.

— Umesomea wapi? nikamuuliza.

— Nabeba manesi kila siku. Nasikia.

— Hayo madogo, Kamati akasema. Mwaka ule kule Mwanhuzi mvua iligoma, nani alichunguza? Wanaume wote walikuwa wamenunua boksa mpya mnadani. Mtu akibanwa halimi. Asipolima, mvua inyeshee nini? Hili liundiwe kamati ndogo.

— Sawa, nikasema, kila mjumbe aje na ya kwake tuikague.

Kila mjumbe akavuta shati likafunika mkanda.

— Kamati imevunjwa, Kamati akasema.

Hapo akatokea mama mmoja na kapu lake. Alijitaja jina, Philomena, mgeni kutoka Nkoma, alikuwa ametoka kumwona mgonjwa. Akatusalimu kwa Kisukuma.

— Mwadila, baba zangu. Bodaboda ipo?

— Mwadila, mayu, mama yetu, Daktari akaitikia. Ipo, subiri kidogo, tuna kesi.

Tukamweleza. Alicheka mpaka akaweka kapu chini.

— Sasa wewe baba, leo umevaa ipi?

— Moja ya zile mpya. Inanikata tangu asubuhi.

— Na unayoipenda iko kwenye bahasha?

— Naitunza, mayu.

— Unaitunzia siku gani?

Daktari akaanza kufuta kioo cha pikipiki. Kamati akachungulia ndani ya kikombe kitupu kana kwamba ajenda imezamia humo.

Mzani akasimama, akaingia choo cha nyuma ya duka la jirani na bahasha yake. Tukasikia pumzi ndefu, kama gunia limefunguliwa kamba. Akarudi anatembea kama ndama aliyeachiwa, bahasha bado imetuna.

— Daktari, ukimfikisha mayu, pitia sokoni umpe Kwandu hii. Mwambie ya nane imetoka.

Daktari akaipokea, akashtuka.

— Mzee, mbona ina joto?

Mzani akajitupa upande wa tofali, akacheka kwa nguvu zake zote. Benchi likatumwaga. Tuliinuka tukijikung'uta vumbi na kujivuta suruali huku na kule, isipokuwa yeye. Yeye aliinuka tu.