Sifa ya Kukonda

Wamama na wapapa, na ninyi vijana munaokaa karibu na mulango ili mutoroke mbele ya matangazo, ninawasalimia wote. Padri ameniomba niseme kwa ufupi. Wale wanaonijua pale sokoni, mahali ninapouzisha samaki, mikebuka, wameanza kucheka, juu wanajua mimi na ufupi hatujaonana bado. Lakini nitajaribu. Na sitataja jina la muntu hata mumoja. Mukimutambua muntu, hayo ni macho yenu, si kinywa changu.

Nimekuja kumushukuru Mungu juu ya moyo wangu. Sisemi moyo ule wa nyimbo, wa kupenda na kusamehe. Ninasema moyo wenyewe, unaopiga hapa chini ya titi la kushoto. Mimi wangu nimeuona kwa macho.

Ilianza nilipozaa huyu mutoto wangu wa kwanza, ambaye sasa hivi anawavuta mikia ya vitenge pale mbele. Munajua desturi yetu. Muzazi hachoti maji, haendi shamba, haendi soko. Anakaa ndani, anakandwa na maji ya moto, anakula. Na mama mukwe njo anapika. Siku muzazi anatoka nje, watu wanaangalia mutoto kidogo tu, halafu macho yote kwa mama yake: amejaa? Mashavu yako wapi? Akiwa amejaa, sifa ni ya mama mukwe. Akiwa amekauka, loo! Huyo mama mukwe afadhali apande boti ahamie Moba, juu ulimi wa watu wa hapa hauna likizo.

Mama mukwe wangu ni mwanamuke wa kazi. Asubuhi uji na karanga, muchana bukari, ule ugali wetu, na kuku, jioni samaki. Mimi nilikula. Na nikajaa kweli! Miguu ikajaa, uso ukajaa, mupaka pete ya ndoa ikakataa kutoka kidoleni. Wageni wakiingia tu: "Eee mama, mukamwana wako anang'aa! Huyu umemutunza!" Yeye anainamisha kichwa, anasema, "Ni Mungu tu," lakini munaona mabega yanapanda. Alifurahi sana, na mimi nilifurahi kumuona vile.

Sasa ndugu zangu, nawaambia, katika wageni wote wale hakuna aliyeniuliza: unalala namna gani? Juu mimi sikuwa ninalala. Nikijilaza, pumzi inakatika, ni kama muntu amenikalia kifuani. Mume wangu, fundi wa kushona nguo, akaegemeza gunia la unga ukutani, akaweka muto juu yake, nikawa ninalala nimekaa. Kikohozi hakiishi. Tukasema ni uchovu wa kuzaa. Kutoka kitandani mupaka mulangoni nilishika ukuta. Mutoto akilia wananiletea. Kumubeba mugongoni nilishindwa, na hilo liliniuma kuliko kikohozi. Niliogopa, sitawadanganya. Lakini utasema namna gani kwamba unagonjwa, na nyumba nzima inasifiwa juu ya mwili wako?

Ikafika siku ya kupimisha mutoto kilo. Kituo cha afya ni karibu na kwetu, lakini nilisimama njiani mara nyingi, mama mukwe wangu, ninayemuita Mama tu, ananingojea na mutoto mukononi. Mama muuguzi akapima mutoto, akamusifu, halafu akaniangalia mimi. Hakunisifu. Akasema, "Nyoosha muguu." Akaweka kidole gumba hapa kwenye mufupa, chini ya goti, akakandamiza, akakiondoa. Shimo likabaki. Likabaki pale pale, wandugu, kama umedonoa unga wa mukate.

"Mama," akamuambia mama mukwe wangu, "hii si mafuta. Ni maji. Muende hospitali leo hii, wamupige ekografi."

Mama akashituka. "Ekografi? Amekwisha kuzaa! Ao kuna mwingine amebaki ndani?"

Mucheke, mucheke. Lakini ni wangapi hapa wangeuliza vingine? Kwetu sisi ekografi, ile mashini ya kuonyesha ndani ya tumbo, ni ya mimba, kuangalia kama ni mwanaume ao mwanamuke, basi. Mama muuguzi akasema, "Hii ni ekografi ya moyo." Mama akamufunga mutoto mugongoni, akaita pikipiki.

Kule hospitali dokta akanilaza ubavu wa kushoto, akanipaka yale mafuta ya baridi, akaweka kile kifaa chini ya titi. Mama alikataa kubaki nje. Mimi nilifikiri nitaona moyo kama ule wanaochora kwenye kadi za ndoa. Hapana. Niliona kivuli, cheusi na cheupe, vyumba-vyumba, na milango midogo inapepea. Na hata mimi nisiyesoma sana niliona: kile chumba kikubwa, kuta zake zilikuwa zinasogea kwa uvivu, kama muntu aliyeitwa kazini siku kuu.

"Huu moyo umepanuka na umechoka," dokta akasema. "Hausukumi damu kwa nguvu. Inawapata wazazi wamoja-wamoja, mwisho wa mimba ao kisha kuzaa. Si kosa la muntu."

Akabonyeza mahali, kioo kikajaa rangi, nyekundu na buluu. Mama akashika kichwa: "Yesu! Damu ya buluu!" Dokta akamueleza polepole kwamba rangi ni za mashini, damu ni ile ile. Damu inayokuja kuelekea kifaa, mashini inaipaka nyekundu. Inayokwenda mbali, inaipaka buluu. Akatuonyesha mahali buluu ilikuwa inaruka kurudi nyuma, juu mulango wa moyo haukufunga vizuri. Halafu akapeleka kifaa mbavuni, akatuonyesha maji kwenye mapafu. "Njo maana halali," akasema.

Nikamuuliza, "Dokta, nitakufa?"

Hakunidanganya. Akasema, "Ukimeza dawa, na chumvi ukiiacha, moyo kama huu unaweza kurudi. Siwezi kukuapia. Tutauangalia tena na tena kwa hii mashini, itatuambia kama tuko kwenye njia."

Basi, nikameza. Ile dawa ya kukojoa, wamama, mimi na choo tukawa marafiki. Maji yakatoka. Miguu ikarudi miguu, pete ikateleza yenyewe, nikalala nimejinyoosha, na mutoto nikamubeba mugongoni. Gunia la unga likarudi jikoni. Nikasema, aksanti Mungu, tumevuka.

Lakini niliponyauka, njo vita vikaanza. Mashavu yaliondoka! Wageni walewale wakaja, wakaniangalia, wakamuangalia Mama, wakakohoa. Hakuna aliyesema kitu ndani ya nyumba yetu. Walisema kwenye bomba la maji. "Ule mukamwana anakauka. Atakuwa amemunyima chakula." Na wengine wakataja ugonjwa ambao sitautaja hapa mbele ya altare. Mama alikuwa anarudi na ndoo, anaitua chini kwa nguvu, anaingia jikoni bila kusalimia.

Na kule jikoni akaanza tena kunipikia samaki kama zamani, wa chumvi. Juu ya mapendo, wandugu, si juu ya ubaya! Alisema, "Dokta alitaka maji yatoke, hakusema ukonde." Na chakula kilikuwa kitamu, midomo yangu ilikuwa imechoka na vitu vya bapa, bila chumvi. Nikala. Kisha siku chache pete ikabana. Gunia la unga likatoka tena jikoni, na mutoto akashushwa mugongoni mwangu.

Tukarudi hospitali. Safari hii dokta hakuanzia kwenye moyo. Akaweka kifaa hapa chini ya kifua, upande wa ini, akatafuta mushipa mukubwa unaorudisha damu. "Vuta pumzi kwa pua," akasema. Ule mushipa unapaswa kunywea ukivuta pumzi. Wangu ulisimama vile vile, umejaa tele. Akaangalia kidogo, halafu akauliza bila kutugeukia: "Nani anatia chumvi?"

Mama akaruka. "Hii mashini inaona mupaka ndani ya sufuria yangu?"

Mimi karibu nicheke. Dokta hakucheka. "Inaona mushipa, mama. Mushipa umejaa maji, na maji yanafuata chumvi."

Mama akakaa. Nilikuwa sijamuona hata siku moja akilia. Akasema, "Dokta, watu wanasema nimemunyima chakula. Mimi! Nitawaonyesha nini?"

Dokta akageuza kioo kikamuelekea yeye, ule moyo wangu muvivu ukiwa pale unajikokota. Akasema, "Muangalie huyu, mama. Wale wa bomba, uwaache na bomba lao."

Akaangalia. Aliangalia muda murefu. Halafu akaniambia, "Vaa nguo, tuende kwetu."

Ndugu zangu, kutoka siku ile chumvi ilihama nyumba yetu. Kopo lake alilipeleka kwa jirani. Hakunipikia bila chumvi mimi peke yangu. Aliikatalia nyumba nzima. Limao, tangawizi, pilipili, basi. Mume wangu akaonja sombe, yale majani ya muhogo, akasema, "Mama, hii ina ladha ya majani." Akamujibu, "Ulifikiri ni nini? Kula."

Na siku moja kwenye bomba, mimi nikiwa nyuma yake, mumoja akapata ujasiri: "Mama, mukamwana wako anakonda sana, eh?" Nikaona mabega ya Mama yanapanda, kama wakati ule wa kusifiwa. Akasema, "Ndiyo, anakonda. Mimi njo ninamukondesha. Na kesho nitamukondesha tena." Akajitwika ndoo. Wale wamama wakapiga makofi ya kushangaa.

Tukafuata ekografi, moja kisha nyingine. Mama alikuwa anakaa mbele ya kioo kabla dokta hajakaa. Siku moja akasema kabla ya muntu yeyote, "Buluu imepungua." Dokta akacheka mupaka akavua miwani: "Mama, chukua kiti changu basi." Na ilikuwa kweli. Mulango ulikuwa unafunga. Zile kuta za uvivu zilikuwa zinakamua damu, pu, pu, pu. Nililia kwenye kile kitanda na mafuta yangu ya baridi kifuani, nikacheka, nikalia tena.

Leo ninamubeba mutoto mugongoni kutoka soko mupaka kilimani, na ninapanda nikipiga kelele. Vidonge ninameza bado, ekografi ninaendea bado. Munaoniuliza wa pili anakuja lini, mungojee dokta, na mukishindwa kungojea, muzae ninyi.

Aksanti kwa mama muuguzi na kidole chake. Aksanti kwa dokta. Aksanti kwa mume wangu na gunia lake la unga. Na ninyi, mukienda kumuona muzazi, kabla ya kumusifu, mumuulize analala namna gani. Halafu mumukandamize muguu. Shimo likibaki, mukimbie naye hospitali, sifa zitakuja nyuma.

Ninamaliza, padri, ninamaliza. Kuna mama mumoja amekaa pale kwenye benchi, ameinamisha kichwa kama kwamba anatafuta kitu chini. Tangu nilipokonda, hakuna aliyeingia kwetu kumuambia lile neno la sifa. Mukitoka, mupite kwake, mumoja mumoja, mumushike mukono. Mumuambie: mama, mukamwana wako amekonda. Umemutunza vizuri sana.